Monowi, Mji wa Reli Uliobaki na Mtu Mmoja

Itazame ramani ya Marekani, hata ile iliyochakaa ukutani mwa shule itafaa, kisha weka kidole katikati kabisa. Kidole chako kitaangukia jimbo la Nebraska au jirani yake Kansas. Huko hakuna milima ya kutisha, hakuna bahari, na miti ni michache. Ni mbuga ya majani tu, inayopanda na kushuka polepole mpaka macho yanachoka kutazama. Wakati wa joto jua ni kali na mvua ni ya kubahatisha. Wakati wa baridi theluji huanguka, na upepo hauna kitu cha kuuzuia.

Kaskazini ya jimbo hilo la Nebraska, kati ya mto Niobrara na mto mkubwa wa Missouri, karibu na mpaka wa South Dakota, upo mji uitwao Monowi. Ni mji kwa sheria: una mipaka yake iliyoandikwa serikalini, una meya, una karani, una mweka hazina, una taa za barabarani, hata maktaba ya vitabu. Ila hesabu ya watu iliyofanywa mwaka 2010 ilikuta kwamba wakazi wote wa mji huo ni mtu mmoja. Alikuwa mama mzee, mjane. Yeye ndiye aliyekuwa meya, ndiye karani, ndiye mweka hazina, na maktaba ni kumbukumbu ya marehemu mumewe.

Usicheke kwanza. Monowi haikuanza hivyo, wala haiko peke yake. Mbuga ile imejaa miji iliyozaliwa na reli, ikakua mbio, ikazeeka upesi. Monowi imekwenda mbali kuliko mingine, basi ndani yake twaweza kuona vizuri jinsi jambo lenyewe lilivyokwenda.

WENYE NCHI

Watu wengi husema kwamba miji ile ilijengwa mahali patupu. Si kweli. Kando ya Niobrara waliishi Waponca, kabila dogo la wenyeji wa asili. Walilima mahindi na maboga, na kwa majira yake wakaenda mbugani kuwinda nyati. Hawakuwa na vita na serikali ya Marekani. Lakini mwaka 1868 serikali ilifanya mkataba na Wasioux, ambao walikuwa wengi na wenye nguvu, na katika kuandika mipaka ikawapa nchi ya Waponca. Ilikuwa ni kosa la kalamu, na wakubwa wenyewe walikubali baadaye kuwa ni kosa. Hata hivyo halikusahihishwa. Mwaka 1877 Waponca walihamishwa kwa nguvu, wakapelekwa kusini majuma mengi ya safari, mpaka nchi ambayo leo ni jimbo la Oklahoma. Wengi walikufa, wengine njiani, wengine huko walikofikishwa, kwa homa na njaa.

Kati ya waliokufa huko alikuwamo kijana wa mkuu mmoja aitwaye Standing Bear, maana yake Dubu Asimamaye. Kijana alipokuwa akikata roho alimwomba baba yake amzike kwao, kando ya Niobrara. Wewe unajua uzito wa ombi kama hilo. Mwanzo wa mwaka 1879, katikati ya baridi kali, mzee aliiweka mifupa ya mwanawe garini, akaondoka na watu wapata thelathini kurudi nyumbani. Askari waliwakamata kabla hawajafika. Kesi ikasikilizwa mjini Omaha mwezi wa Mei mwaka huo. Wakili wa serikali alidai kwamba mwenyeji wa asili si “mtu” mbele ya sheria, basi hawezi kuleta shauri mahakamani. Hakimu Elmer Dundy alikataa. Alisema kwamba ni mtu, na akaamuru aachiliwe pamoja na wenzake. Standing Bear akaenda akamzika mwanawe. Mwenyewe alifariki mwaka 1908 katika nchi ile ile ya baba zake.

Nimekaa kidogo juu ya habari hiyo kwa sababu mzee huyo alikuwa bado hai, na si mbali sana, wakati wapimaji walipokuja na minyororo yao kupima viwanja vya mji mpya wa Monowi.

RELI INAPOZAA MJI

Sasa tuwatazame wageni. Tarehe 20 Mei 1862 Rais Abraham Lincoln alitia sahihi sheria ya mashamba. Kwa sheria hiyo mtu mzima, raia au mwenye nia ya kuwa raia, aliweza kupewa eka 160 karibu bure, ila ajenge, alime na kukaa hapo miaka 5. Mwaka huo huo ilipitishwa sheria ya kujenga reli ya kuvuka bara lile. Vichwa viwili vya reli, kimoja kutoka mashariki na kimoja kutoka magharibi, vilikutana Promontory katika nchi ya Utah tarehe 10 Mei 1869.

Serikali haikuwa na fedha nyingi za kulipa kampuni za reli, ila ilikuwa na ardhi, yaani ardhi iliyochukuliwa kwa watu kama Waponca. Ikazipa kampuni nyingi maeneo makubwa kando ya njia. Lakini reli katikati ya majani matupu haina faida. Nani atapanda? Nani atapakia mzigo? Basi kampuni zikageuka kuwa wauza mashamba. Zikatangaza hata Ulaya, kwa Wajerumani, Wacheki, Waswidi na wengine, kwamba huku kuna udongo mweusi usio na mawe. Watu maskini wakauza ng'ombe wao, wakapanda meli.

Walikuta udongo kweli, lakini hawakukuta miti ya kujengea. Basi walikata udongo pamoja na mizizi ya majani kama matofali makubwa, wakajenga nyumba za udongo. Mvua ikinyesha siku mbili nje, ndani hunyesha tatu. Kuni hazikuwako, wakapikia kinyesi kikavu cha nyati. Mwaka 1874 nzige walishuka kama wingu katika mbuga zile, wakamaliza mahindi, wakachimba vitunguu ardhini, wakatafuna mpaka nguo zilizoanikwa na mipini ya majembe yenye chumvi ya jasho. (Ajabu ni hii: nzige wa aina ile wametoweka kabisa duniani. Wa mwisho kuonekana hai walipatikana Kanada mwaka 1902. Wenye elimu hudhani majembe ya wakulima yaliharibu mahali walipotagia mayai.)

Je, mji wenyewe huzaliwaje? Hapa pana hesabu ambayo mkulima yeyote ataielewa. Mtu mwenye gari la farasi lililojaa mahindi atakwenda mwendo wa mguu tu. Ikiwa stesheni iko mbali sana, atalala njiani. Akilala njiani, ataona ni afadhali apeleke mahindi kwa kampuni nyingine. Basi kampuni ziliweka stesheni kila baada ya maili saba au kumi hivi, yaani kilometa kumi na moja mpaka kumi na sita, ili mkulima aende, auze, anunue sukari na mafuta ya taa, na arudi kukamua ng'ombe kabla ya giza. Tena injini za mvuke zilikuwa na kiu, zilihitaji maji kila baada ya maili kadhaa. Miji ikatokea kando ya reli kama mafundo katika kamba.

Miji hiyo ilifanana kama watoto wa mama mmoja, kwa sababu ilichorwa na mtu mmoja ofisini. Mara nyingi ilikuwa na umbo la herufi T: reli ikikata juu, na barabara kuu ya maduka ikishuka kutoka stesheni. Kando ya reli lilisimama ghala refu la nafaka, ambalo katika nchi ile tambarare huonekana kutoka mbali kama mnara wa kanisa. Halafu zizi la kupakia ng'ombe, duka la mbao, mhunzi, benki, hoteli. Hata majina yalitolewa upesi upesi. Njia moja ya kusini mwa Nebraska ilipewa majina ya stesheni kwa kufuata alfabeti: Crete, Dorchester, Exeter, Fairmont, Grafton, Harvard, Inland, Juniata, Kenesaw, Lowell. Karani aliyefanya kazi hiyo hakutaka kuchosha kichwa.

Monowi ilipata bahati nzuri zaidi katika jina. Husemekana ni neno la wenyeji wa asili lenye maana ya ua, kwa kuwa mahali pale palikuwa na maua mengi ya porini.

SIKU ZA KELELE

Mwaka 1902 kampuni ya reli iitwayo Fremont, Elkhorn and Missouri Valley iliisogeza njia yake kutoka Verdigre, mji uliojaa Wacheki, ikapita bonde la Niobrara hata Bonesteel ng'ambo ya mpaka wa South Dakota. Mwaka huo huo Monowi ilipimwa, viwanja vikauzwa, posta ikafunguliwa. Siku moja hapakuwa na kitu, na baada ya miezi michache pana barabara, maduka na filimbi ya gari moshi.

Miaka miwili baadaye pakatokea kelele kubwa zaidi. Mwaka 1904 serikali ilifungua kwa wageni sehemu ya nchi ya Wasioux wa Rosebud, huko mbele ya Bonesteel. Watu walipotaka mashamba wakawa wengi kuliko mashamba, ikaamuliwa yagawiwe kwa kura. Watu zaidi ya 100,000 walijiandikisha kugombea mashamba yapatayo 2,400. Wengi wao walikwenda Bonesteel kwa njia hii mpya. Fikiri basi, gari baada ya gari likipita Monowi limejaa wanaume wenye matumaini, na baada ya kura wengi wao wakirudi mikono mitupu. Wauza mikate wa stesheni nadhani walipata faida pande zote mbili.

Wilaya ya Boyd, ambamo Monowi imo, ilikuwa na watu zaidi ya 8,000 mwaka 1910. Monowi yenyewe haikupata kuwa mji mkubwa. Katika miaka ya 1930, wakati wa kilele chake, ilikuwa na watu wapata 150. Ilikuwa na maduka matatu ya vyakula, mahali pa kulia, shule, kanisa dogo la mbao la Wamethodisti, hata jela. Kwa watu 150, mji una kila kitu kinachohitajika ili mtu azaliwe, asome, aoe, afungwe kidogo akilewa, na kuzikwa.

KWA NINI WATU WALIONDOKA

Wengine hudhani mji kama huu huuawa na jambo moja kubwa, kama vita au tauni. Katika mbuga zile haikuwa hivyo. Ulikuwa ni mmomonyoko, kama ukingo wa mto unavyoliwa kidogo kidogo.

Ukame wa miaka ya 1930 uliwaumiza wakulima wengi, na udongo wa mashamba katika sehemu nyingi za mbuga ulipeperushwa na upepo kama moshi. Lakini ukame hupita. Kilichokuja na kukaa ni trekta. Mtu mwenye farasi alikuwa na kazi ya kutosha katika eka 160. Mtu mwenye trekta aliweza kulima mara nne zaidi, na kwa kuwa trekta lilinunuliwa kwa mkopo, alilazimika kulima zaidi ili alipe. Basi jirani aliyechoka akiuza, yeye hununua. Mwaka 1935 Marekani nzima ilikuwa na mashamba milioni 6.8, leo yamebaki kama milioni 2. Chakula hakikupungua, kimeongezeka sana. Wakulima ndio waliopungua.

Sasa fuata hesabu. Palipokuwa na jamaa nne sasa pana moja. Shule imepoteza watoto kumi na zaidi, na mwalimu analipwa yule yule. Mwenye duka amepoteza wateja wa unga, viatu na misumari. Mchungaji anahubiria viti. Na yule mkulima mmoja aliyebaki ana motokaa, na barabara imetengenezwa. Ile safari ya kutwa nzima kwa farasi ni dakika kumi na tano. Kwa nini anunue Monowi, penye duka moja la bei ghali, wakati mji mkubwa uko saa moja tu? Ile hesabu ya gari la farasi, iliyozaa mji, ndiyo iliyouondolea mji maana yake. Malori nayo yakaanza kubeba mahindi na ng'ombe, na injini za dizeli zikaja zisizo na kiu ya maji. Marekani ilikuwa na reli zaidi ya kilometa 400,000 mwaka 1916. Kwa sasa imebaki zaidi kidogo ya nusu. Njia ndogo kama ile ya Monowi ndizo zilizong'olewa kwanza.

Nawe mzazi usisahau watoto. Kijana aliyemaliza shule alitazama shamba la baba, akaona halimtoshi yeye na nduguze. Akaenda Omaha au Kansas City kutafuta mshahara. Hakuna aliyemfukuza. Baba yake mara nyingi ndiye aliyempa nauli, akijua vizuri kwamba anaipa nauli ile ile sababu ya mji kufa. Sijui kama tunaweza kumlaumu. Angemwambia nini? Akae alinde ghala tupu?

Huko Monowi mambo yalifungwa moja moja. Mazishi ya mwisho katika kanisa lile la mbao yalifanyika mwaka 1960. Posta ilifungwa mwaka 1967, na duka la mwisho la vyakula likafuata kabla ya 1970 kupita. Shule ilifungwa mwaka 1974. Mwaka 1980 walihesabiwa watu 18. Mwaka 1990, watu 6. Mwaka 2000, watu 2, mume na mke.

MJI ULIOKOSA RELI

Labda utasema: basi reli ndiyo mbaya, afadhali isingefika. Subiri nikueleze habari ya mji mwingine wa mbuga hizo hizo.

Katika Kansas, jimbo la kusini ya Nebraska, upo mji wa Nicodemus. Ulianzishwa mwaka 1877 na watu weusi kutoka Kentucky, ambao miaka michache nyuma walikuwa watumwa. Walitangaziwa nchi njema, wakafika, wakaona mbuga tupu na moshi ukitoka ardhini: ni wenzao waliotangulia, wakiishi katika mashimo yaliyochimbwa. Wengine walirudi upesi. Waliobaki walilima kwa majembe ya mkono na makoleo, wakajenga makanisa, shule, hoteli, wakawa na magazeti mawili. Walikosa kitu kimoja tu, reli. Waliahidiwa na kampuni zaidi ya moja. Mwaka 1888 reli ikapita kweli, ila upande wa pili wa mto Solomon, maili chache kusini. Wafanya biashara wakaifuata, wengine wakizibeba hata nyumba zao.

Nicodemus ilipungua tangu siku hiyo, na sasa ina wakazi wachache sana. Mwaka 1996 serikali iliifanya mahali pa kumbukumbu ya taifa. Na kila mwaka, mwisho wa mwezi wa Julai, wajukuu na vitukuu wa wale waasisi hurudi kwa mamia kutoka miji ya mbali, wakala pamoja, wakaandamana barabarani, wakazuru makaburi.

Basi mji mmoja reli iliupitia na mwingine reli iliukwepa, na yote miwili imepungua. Tofauti naiona hapa: Nicodemus ilianzishwa na watu waliokuwa wakitafuta mahali pa kuwa watu huru, na hilo halikuisha reli ilipokwepa. Monowi ilianzishwa na ofisi ya kampuni kwa ajili ya mahindi na ng'ombe. Kampuni ikaenda zake. Lakini hata Monowi kampuni haikujua kwamba imeacha mtu nyuma.

MEYA WA MONOWI

Bibi Elsie Eiler alikulia shambani karibu na Monowi na kusoma katika shule ya huko. Alipokuwa msichana alikwenda mbali kufanya kazi katika kampuni ya ndege, halafu akarudi akaolewa na Rudy, mwenyeji wa hapo hapo. Mwaka 1971 walifungua baa yenye vyakula. Watoto wao wawili walipokua wakaondoka kutafuta kazi kama wengine. Majirani wakafa au kuhama. Mwaka 2004 Rudy naye akafariki.

Hapo wengi wangetupa ufunguo. Yeye alikaa. Na kwa kuwa mji ni mji mpaka ufutwe, alianza kutimiza kazi zote za mji. Wakati wa uchaguzi wa meya alibandika tangazo ukutani mwa baa, akapiga kura, akashinda. Kila mwaka alipaswa kupeleka serikalini mpango wa barabara za mji ili apate fedha za kuwashia taa nne za barabarani. Kodi ya mji alijitoza mwenyewe na kujipokea mwenyewe. Mambo ya leseni ya pombe ndiyo ya kuchekesha: mwenye baa huomba kibali, karani wa mji hutia sahihi, kisha kibali hurudishwa kwa mwenye baa, na wote hao walikuwa wamekaa katika kiti kimoja.

Tena kuna ile maktaba. Rudy alikuwa mpenda kusoma kupita kiasi, na alitamani vitabu vyake viwe vya kila mtu. Alifariki kabla ya kutimiza. Jamaa zake walimaliza kibanda kidogo cheupe karibu na baa, wakapanga humo vitabu vipatavyo 5,000. Nadhani hakuna mji mwingine duniani wenye vitabu vingi hivyo kwa kila kichwa.

Mtu asimwonee huruma upesi. Baa yake ilikuwa mahali pa kukutana kwa wakulima wa maili nyingi za kando, na wageni walikuja kutoka nchi nyingi kuona mji wa mtu mmoja. Alisema mara nyingi kwamba haoni upweke, na kwamba watoto wake wangependa ahamie kwao, ila hapa ndipo rafiki zake walipo. Nyuma yake kanisa lilisimama limechakaa rangi, na nyumba zilizoachwa zilikuwa zikianguka moja moja katika majani.

Wilaya nzima ya Boyd, iliyokuwa na watu zaidi ya 8,000, mwaka 2020 ilihesabiwa chini ya 2,000. Kwa upande mwingine, Waponca wa Nebraska, ambao serikali ilikuwa imefuta hata jina la kabila lao katika miaka ya 1960, walirudishiwa haki yao na Bunge mwaka 1990, na makao yao makuu yako katika mji wa Niobrara, safari fupi ya motokaa kutoka Monowi. Mwaka 2019 sanamu ya Standing Bear ilisimamishwa katika jumba la Bunge huko Washington.

Na Monowi? Katika hesabu ya mwaka 2020 ilitangazwa kwamba ina wakazi 2. Magazeti yakafurahi, waandishi wakamwendea meya kumwuliza juu ya raia wake mpya. Yeye akashangaa, akataka kuambiwa mtu huyo ni nani na anakaa wapi, maana hajamwona. Ofisi ya hesabu ikaeleza: sheria inakataza kufunua habari za mtu mmoja mmoja, kwa hiyo tarakimu za mahali padogo huchanganywa kidogo makusudi, ili asijulikane nani ni nani. Basi mkazi wa pili wa Monowi alikuwa wa karatasi tu, na kibao kando ya barabara kuu, chenye jina la mji na tarakimu 1, hakikuhitaji kupakwa rangi upya.